Dhahabu ya Sofala Haikuchimbwa Sofala

Kwetu Kilwa mtoto akianza kupata akili tu anaijua Husuni Kubwa. Ataambiwa kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba juu ya jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Kwamba Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa mwenyeji wake. Na kwamba utajiri wote ule ulitokana na dhahabu ya Sofala. Basi, habari inaishia hapo. Ikitajwa Sofala mtu anaona majahazi na bahari. Nimekulia ndani ya simulizi hiyo, mtoto wa fundi mwashi aliyekuwa akiitwa kila palipotokea kazi ya kukarabati kuta za kisiwani, na simkumbuki mtu aliyewahi kuuliza hao watu wa Sofala nao waliipata wapi.

Sofala ni pwani ya Msumbiji: mchanga, mikoko, maji kujaa na kupwa. Dhahabu ilitoka bara, kwenye nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ibn Battuta mwenyewe alielezwa na mfanyabiashara kwamba vumbi la dhahabu huletwa Sofala kutoka mahali paitwapo Yufi, mwendo wa mwezi mzima. Na katika magofu makubwa kuliko yote ya nyanda hizo, Great Zimbabwe, wanaakiolojia waliokota sarafu yenye jina la sultani yule yule wa Husuni Kubwa. Sarafu ya shaba, si ya dhahabu. Chenji ya sokoni tu. Lakini ilitoka Kilwa ikafika kule mkononi mwa mtu, na niliposoma habari yake nikaona sina budi kuifuata.

Basi la Dar es Salaam kwenda Harare hupita Tunduma, likaikata Zambia hadi Lusaka, kisha likateremka bonde la Zambezi kuvukia Chirundu. Mwenye mgongo mbovu apande ndege. Jirani yangu kitini alikuwa mama wa Harare, mfanyabiashara, anarudi kutoka Kariakoo na marobota ya vitenge na nguo za watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: punguza kaka, bei ya mwisho ngapi, mimi mteja wako wa siku nyingi. Palipomwishia tukaingia Kiingereza. Aliniuliza naenda Zimbabwe kununua nini. Nikamjibu naenda kuona mawe. Alicheka mpaka konda akageuka.

"Mawe? Kwani Tanzania hakuna mawe?"

Baada ya hapo alinichukua kama mgonjwa wake. Alinifundisha kwamba mzee wa kiume nimwite Sekuru na mama mtu mzima nimwite Ambuya, na kwamba nisimsemeshe mtu kabla sijamsalimia vizuri, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Nilipokuwa nayaangalia marobota yake nilikumbuka kwamba kitu kikubwa kilichopelekwa bara zama za Kilwa kilikuwa nguo, nyingi zikitoka Gujarati. Nguo huoza, kwa hiyo wachimbaji huziona shanga na vyombo vya kauri, na vitabu vikajaa shanga na vyombo vya kauri. Robota la kitenge halitaacha alama yoyote ardhini baada ya miaka 700.

Chirundu tulivuka usiku. Tangu 2009 pana kituo kimoja cha forodha cha pamoja, unamalizana na nchi zote mbili kwenye jengo moja, na kwa mtu aliyetoka kuhangaika Tunduma ni raha. Upande wa Zambia, si mbali na barabara ile, ndipo yalipo makaburi ya Ingombe Ilede, ambako walikutwa watu waliozikwa na shanga za dhahabu na vipande vya shaba vya umbo la msalaba. Sikuona chochote ila taa za malori.

Kutoka Harare kwenda Masvingo ni karibu kilomita 300 kuelekea kusini. Nililala Masvingo, na mama lishe mmoja karibu na stendi akanipa sadza, ambayo ni ugali wetu mweupe usio na tofauti, majani ya mboga, na matemba. Nilipoonja matemba nikacheka peke yangu. Ni dagaa. Tena si dagaa wa kufanana: samaki hawa walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandwa katika bwawa la Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazaana mpaka wakawa kitoweo cha nchi. Nilimwambia mama lishe kwamba anauza dagaa wa Kigoma. Akaniambia anauza matemba ya Kariba, na kama sitaki nilipie nimwache ahudumie wengine.

Asubuhi nilipanda kombi, ndiyo daladala yao, kwenda kwenye magofu, mwendo usiofika kilomita 30. Njia inapita nchi ya mawe ya matale, yale majabali yaliyopandana bila kuanguka anayoyajua kila aliyewahi kufika Mwanza. Majabali yenyewe ndiyo siri ya mahali pale, nitalirudia hilo.

Mtembeza wageni niliyepewa getini alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, mzaliwa wa vijiji vya jirani. Nilimwita Sekuru, akafurahi, akauliza natoka wapi. Nikasema Kilwa. Alisimama kidogo, kisha akasema leo tutakwenda polepole.

Tulianza na kilima kabla jua halijawa kali. Njia ya zamani ya kupandia inapenya kati ya majabali, mahali pengine nyembamba kiasi kwamba unageuka ubavu, huku ukuta wa mawe madogo umejengwa kuziba kila mwanya ambao jabali liliuacha. Waliojenga hawakuhangaika kuliondoa jabali wala kulizunguka. Walilitumia. Ukuta unaanzia ubavuni mwa jabali moja na kuishia ubavuni mwa jingine, na ukiupapasa kwenye maungio unakuta jiwe dogo limepachikwa kuufuata mkunjo wa jabali lenyewe. Kando ya njia mishubiri ilikuwa inachanua, na nyani wamekaa juu ya ukuta wakituangalia kama wenye nyumba.

Juu huko, upande wa mashariki, ndipo walipokuwa ndege walio wengi. Ni sanamu za jiwe la sabuni, la jinsi ile wanayochonga mafundi wa Tabaka kule Kisii, kila ndege amekaa juu ya nguzo iliyochongwa pamoja naye kwa jiwe hilo hilo. Wanajulikana wanane. Mwaka 1889 mwindaji Willi Posselt alimng'oa mmoja akaondoka naye, na ndege huyo akaishia mikononi mwa Cecil Rhodes, aliyemweka katika nyumba yake ya Groote Schuur, Cape Town. Wengine wakafuata njia ya kusini. Nguzo ya mmoja ilipelekwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ikachukuliwa na Warusi baada ya vita vya pili vya dunia, ikarudishwa Ujerumani, na ndiyo kwanza mwaka 2003 ikakabidhiwa Zimbabwe ikaunganishwa na sehemu yake ya juu. Lakini habari niliyoipenda kuliko zote ni ya 1981. Nchi ikiwa imepata uhuru mwaka mmoja uliopita, Afrika Kusini ilirudisha ndege kadhaa, na badala yake ikapewa mkusanyiko mkubwa wa kisayansi wa nyuki, nyigu na sisimizi waliokaushwa. Nilimwomba Sekuru alirudie hilo nihakikishe nimesikia vizuri. Akalirudia.

"Tuliwapa wadudu, wakatupa mababu," alisema. Naamini alishawahi kuwaambia watalii wengi maneno hayo, lakini hayakuwa yamechuja.

Ndege wenyewe wako katika jumba la makumbusho chini, kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Ni wadogo kuliko unavyowazia ukiwa umewaona kwenye bendera na kwenye sarafu. Mmoja ana mamba anayepanda kwenye nguzo yake. Wameelekeza midomo mbele, vifua vimetuna, na miguu ya baadhi yao si kucha za ndege bali vidole kama vya mtu. Wapo wanaosema ni tai, wapo wanaosema ni wafalme waliofariki. Sikukaa sana kwenye ubishi huo.

Nilichokaa nacho ni kabati la vitu vya biashara. Mwaka 1902 na 1903, katika magofu ya bondeni, ilifukuliwa akiba ya mtu au ya ikulu: vyombo vya Kichina vya rangi ya kijani, bakuli la Kiajemi lenye maandishi, vioo kutoka nchi za Kiarabu, kauri za baharini, shanga kwa maelfu, na pamoja na hivyo majembe ya chuma na nyaya za chuma na shaba za kazi ya hapo hapo. Vigae vya kijani vya namna ile nimeviokota utotoni kwenye fukwe za Kilwa Kisiwani maji yakipwa, tukivichezea, kabla hatujakatazwa. Nimetembea zaidi ya kilomita 2,000 kuja kuvitazama nyuma ya kioo.

Mchana tuliingia katika boma kubwa, lile linaloonekana kwenye picha zote. Hapa ndipo niliposahau kusikiliza maelezo kwa muda.

Ukuta wa nje una mzunguko wa mita kama 250, kimo chake mahali pengine kinafika mita 11, na unene wa chini unafika mita 5. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna tope. Baba alinifundisha kwamba ukuta hautazamwi kwa mbali, unatazamwa kozi kwa kozi, kwa hiyo nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa jiwe. Mawe yamekatwa kwa saizi isiyozidi sana tofali la kuchoma. Uso wa nje umenyooshwa, mgongo umeachwa jinsi ulivyovunjika. Kila kozi imekaa juu ya kiungo cha kozi ya chini, na kila kozi imeingia ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, kwa hiyo ukuta mzima unaegemea ndani kadiri unavyopanda. Uzito wake wenyewe ndio unaoubana. Chini kuna matundu ya kutolea maji ya mvua. Niliingiza mkono katika mojawapo nikausikia ubaridi wa ndani, na mkono mzima ukaishia humo bila kufika upande wa pili.

Jiwe lenyewe walisaidiwa na nchi. Matale ya kule, kwa joto la mchana na baridi ya usiku, hubambuka tabaka tabaka kama maganda, na tabaka hizo huteremka miteremkoni zikiwa tayari na unene unaolingana. Pale yasipobambuka yenyewe, moto uliwashwa juu ya jabali kisha likamwagiwa maji baridi, likapasuka. Kinachobaki ni kugonga kingo. Hivyo ndivyo walivyopata mawe karibu milioni moja kwa ajili ya ukuta huu mmoja, na ndiyo maana nikasema majabali ni siri. Kilwa hatukuwa na matale. Tulikuwa na matumbawe, yanayokatwa laini yakiwa mabichi kutoka baharini na kukauka yakawa magumu, na tulikuwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Kila mmoja alijenga kwa alichokanyaga.

Ukiuzunguka ukuta ule utaona ufundi unabadilika. Upande mmoja kozi zinayumba, mawe hayalingani, mtu anaona kabisa kwamba fundi alikuwa bado anajaribu. Ukiendelea kuzunguka kozi zinanyooka kama zimepigwa kamba, na juu kabisa upande wa kusini mashariki pamewekwa nakshi ya mawe yaliyolazwa mshazari, zigizaga mbili zinazokwenda kwa mita zaidi ya 50. Sehemu hiyo ndiyo ya mwisho kujengwa. Kazi hii ilichukua miaka mingi, nyingi yake katika karne ya 14, na wajukuu walikuwa mafundi kuliko babu zao.

Ndani kuna ushoroba kati ya ukuta wa nje na ukuta mwingine wa zamani zaidi, nikinyoosha viwiko vinagusa kuta zote mbili, na mbingu imebaki utepe juu. Ushoroba unakutoa kwenye mnara, mviringo, unaochongoka kidogo kuelekea juu, kimo cha mita kama 10. Wawindaji wa hazina walishaamini kwamba ndani kuna chumba. Hakuna. Ni mawe matupu mpaka katikati, na waliochimba chini yake wakakuta udongo.

Kitu kimoja hakielezwi sawasawa kwa wageni, nami nakisema kwa sababu kinaharibu picha ya wengi: kuta hizi hazikuwahi kubeba paa. Si nyumba zilizoezuliwa. Watu waliishi katika nyumba za udongo mzuri uliofinyangwa na kulainishwa, wanauita dhaka, zenye mapaa ya nyasi, na kuta za mawe zilizunguka ua na kutenga ua na ua. Nyumba zimekwisha, ua umebaki. Ni kama mji wa kwetu ungebaki uzio tu. Na wengi zaidi waliishi nje ya kuta kabisa. Vitabu vya zamani vilisema mji ulikuwa na watu 18,000 au zaidi; mwaka 2017 Shadreck Chirikure, mwanaakiolojia wa Zimbabwe, na wenzake walipiga hesabu upya wakaona haielekei wakati wowote walizidi 10,000. Kwangu hiyo haipunguzi kitu. Mtu anayeweza kujenga ukuta ule akiwa na wenzake wachache namheshimu zaidi.

Sekuru alinionyesha mlango ambao juu yake pana mbao. Mjerumani Karl Mauch, aliyefika Septemba 1871, alikata kipande cha mti kutoka kwenye mlango mmoja, akakinusa, akaona kinanukia kama penseli yake. Penseli yake ilikuwa ya mwerezi. Mwerezi unatoka Lebanoni. Kwa hiyo, alikata shauri, jengo hili ni la Malkia wa Sheba. Mti ulikuwa wa porini hapo hapo. Lakini hoja ya penseli ilikuwa na faida kwa watu fulani, na miaka 20 baadaye Rhodes, aliyekuwa anaitwaa nchi, alimfadhili Theodore Bent kuja kuchimba, naye akaandika kwamba wajenzi walitoka Arabuni. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni kabisa ya kufukua dhahabu katika magofu mengi ya nchi. Makaburi yalivunjwa, mapambo yakayeyushwa kuwa vipande vya kuuza. Kisha akaja Richard Hall, aliyeajiriwa 1902 kuyatunza magofu haya, akaondoa tabaka za udongo zenye kina cha mita kadhaa akiamini anafagia takataka za Waafrika waliokuja baadaye ili awafikie wajenzi halisi. Takataka zile ndizo zilikuwa wajenzi halisi: vyungu vyao, majiko yao, sakafu zao. Walimwachisha kazi, lakini udongo haukurudi.

David Randall-MacIver alifika 1905 akasema wazi kwamba kazi ni ya Waafrika na ni ya zama za kati. Wazungu wa huko wakamkasirikia. Gertrude Caton-Thompson alikuja 1929 akachimba pale ambapo Hall hakuwahi kupagusa, akafikia jibu lile lile kwa ushahidi mzito zaidi. Wakakasirika tena. Wakati wa serikali ya Wazungu ya Ian Smith ikawa jambo la kiserikali: mwandishi wa kitabu cha wageni hakutakiwa kusema moja kwa moja kwamba ni Waafrika waliojenga. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale kuanzia 1964, alikataa kuandika vinginevyo, na 1970 akaondoka nchini.

Garlake kwetu si mgeni. Kabla hajawa na sifa ya Great Zimbabwe alipita pwani yetu akipima misikiti na majumba, Husuni Kubwa ikiwemo, na kitabu chake cha ujenzi wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kilitoka 1966. Mtu yule yule alishika kamba ya kupimia kwenye jumba la sultani na kwenye boma hili. Nilipomwambia Sekuru hilo hakuwa analijua, akaniomba nimwandikie jina la kitabu nyuma ya tiketi yangu.

Nilipokuwa nasikia habari ya Mauch na Bent nilicheka kwa dharau, halafu dharau ikanipungua. Kwani sisi? Nenda Kilwa leo umuulize mtu nani aliyejenga mji, atakwambia Washirazi, na atasema kwa fahari. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, naye aliuona zaidi kama mji wa wageni, mpaka waliokuja baada yake, hasa Mark Horton kwenye magofu ya Shanga, walipoonyesha miji ya pwani ikiota kutoka vijiji vya wenyeji, udongo kwanza, mawe baadaye. Damu ya Kiajemi imo, uchunguzi wa DNA ya mifupa ya makaburi ya pwani uliotolewa 2023 umeionyesha, wengi kwa upande wa baba, ikachanganyika na ya Waafrika kwa upande wa mama. Lakini mama hasimuliwi. Tunamsimulia baba aliyekuja na merikebu. Huko Zimbabwe wakoloni waliwanyang'anya watu jengo lao kwa nguvu; pwani tumekuwa tukiligawa wenyewe.

Nyuma ya boma kubwa tulikuta mafundi kazini. Sehemu ya ukuta ilivimba, wakaishusha, na mawe yalikuwa yamelazwa chini kwenye nyasi kwa safu, kila jiwe lina namba ya chaki, ili lirudi lilikotoka. Kando walikuwa wamekata na kurundika vichaka vya Lantana camara, mmea ule wenye maua madogo ya rangi mchanganyiko unaotusumbua na sisi, ambao mizizi yake huingia kati ya mawe na kuyasukuma. Niliwaambia baba yangu ni mwashi. Hapo ndipo safari yangu ilipogeuka kuwa ya kwao, kwa maana hawakuniachia tena.

Fundi mkubwa alinipa jiwe nilipachike. Nililigeuza, nikaliweka, likacheza. Alilitoa, akalizungusha robo, akaliingiza, akalibonyeza kwa kiganja. Kimya. Hakupima kwa timazi wala kwa pima maji; alikuwa na kamba iliyotandazwa na macho. Akaniuliza sisi tunaunganisha kwa nini. Nikamweleza tanuri la chokaa: magogo yanapangwa duara, matumbawe juu, moto unawaka mpaka matumbawe yanakuwa meupe na mepesi, kisha yanaachwa yanyonye unyevu yasagike yenyewe kuwa unga. Walitega masikio wote. Kisha fundi akauliza swali ambalo hakuna mtalii angeliuliza.

"Ukikosea?"

Nikamwambia ukikosea na chokaa imeshakamata, unavunja.

Akatikisa kichwa kwa kutusikitikia. "Sisi tunalishusha tu."

Ukuta wao una miaka 600 na zaidi na bado unaweza kushushwa na kupandishwa jiwe kwa jiwe na watu wa kijiji cha jirani. Wa kwetu ukianguka kinachobaki ni kifusi, na chokaa mpya isipolingana na ya zamani inaubomoa zaidi. Baba alishawahi kukataa kazi kwa sababu hiyo, mfadhili akitaka saruji. Sisemi upi ni bora. Birika la pembe nane la Husuni Kubwa huwezi kulijenga kwa mawe makavu hata ukiwa na jeshi.

Njiani kurudi getini Sekuru alikuwa mzito kidogo. Aliniambia kwamba watu wa kwao, koo za Nemanwa, Charumbira na Mugabe (chifu, si rais, aliharakisha kueleza), wana malalamiko ya siku nyingi. Makaburi na sehemu za kuombea mvua ziko ndani ya uzio. Mahali pakawa hifadhi, pakapewa hadhi ya urithi wa dunia mwaka 1986, pakawa na saa za kufungua na kufunga, na mtu anayetaka kuongea na mababu zake anaanza kwa kuomba kibali ofisini. Wakoloni waliwazuia wakisema si mababu zao. Sasa wanazuiwa kwa sababu ni mababu wa taifa zima. Hakusema kwa hasira. Alisema ni afadhali ya sasa, ila uzio ni uzio.

Tulikaa kwenye kivuli kusubiri kombi, nami nikamchorea Husuni Kubwa mchangani kwa kijiti: ngazi za kuteremkia baharini, ua, birika, ghala zilizopangana upande wa kusini. Aliiangalia sana ile sehemu ya ghala.

"Na huko kwenu mnasema dhahabu ilitoka wapi?"

"Sofala."

Alicheka kwa sauti mpaka akashika kofia. "Sofala kuna mgodi?"

Nikakiri hakuna. Kisha nikaona nami nina swali.

"Na nyinyi, Sekuru, hizi shanga na bakuli mnawaambia wageni zililetwa na nani?"

"Waarabu," alisema bila kufikiri. Mapema siku hiyo, mbele ya kabati la makumbusho, alishaniambia hivyo hivyo, nami nikaliacha lipite kwa adabu.

Nikamwambia sarafu ile si ya Arabuni, imepigwa kisiwani kwetu. Manahodha waliofika Sofala wengi wao walikuwa watu wa pwani, wenye mashamba na wakwe na makaburi huku huku Afrika, wakisema lugha ambayo yeye Sekuru akiisikiliza atashika neno moja katika manne. Akasema maandishi ya sarafu ni ya Kiarabu, ameona picha yake. Nikasema na maandishi ya pesa zake mfukoni ni ya Kiingereza, je, yeye ni Mwingereza? Akasema hiyo ni hoja nzuri lakini sultani mwenyewe alijiita nani? Hapo alinibana, maana masultani wa nasaba ile walijinasibisha na Yemeni. Nikaanza kumweleza habari ya baba na mama, akanikatisha akitaka kujua kwanza kama wale wafanyabiashara walikuwa wanafika wenyewe mpaka hapa kilimani, au walikuwa wanasubiri pwani waletewe, kwa sababu kama walisubiri pwani basi wenye safari walikuwa watu wake, si wangu.

Kombi ikafika imeshajaa, konda ananing'inia mlangoni akiapa nafasi ipo. Sekuru akanisukumia ndani, akaupiga ubavu wa gari mara mbili, akasema jibu nimtumie kwa simu.